Kiti Nilichokiunda Baada ya Kiharusi

Haya nimeyaandika kwa mkono wa kushoto, polepole, na kuna kurasa ambazo mwandiko umepinda mpaka mimi mwenyewe nahangaika kuusoma. Binti yangu Tumaini alitaka niseme tu, yeye aandike kwenye simu. Nilikataa. Nimeshasemewa vya kutosha. Tangu nilipoanguka nimesemewa njaa, nimesemewa usingizi, nimesemewa hata imani yangu, tena na watu wanaonipenda. Kwa hiyo haya ni yangu. Kama unayesoma umelala na upande mmoja wa mwili wako haukutii tena, au unamuuguza mtu wa namna hiyo, nimekuandikia wewe kwanza.

Naitwa Yaredi. Ni Mnyiha wa Mbozi, nimekulia kwenye mashamba ya kahawa, lakini kazi ilinileta Tunduma, ambako ni wakala wa forodha. Nashughulikia nyaraka za malori yanayovuka kwenda Zambia na Kongo. Ni kazi ya simu na kelele kuanzia asubuhi, na ili kichwa kipate kupumua nilijifunza useremala. Sikupita kwa fundi yeyote. Nilianza kwa kuharibu mbao, nikaendelea kuziharibu mpaka siku moja nikapata stuli iliyosimama bila kuyumba. Nyuma ya nyumba nikajenga banda la mabati, nikaweka meza nzito ya kazi, nikaifungia jiliwa la kubania mbao, na Jumamosi zangu zote zikawa huko. Kitanda tunacholalia nilikitengeneza mimi. Rafu za duka la mke wangu nilizitengeneza mimi. Kabati la vyombo ambalo mlango wake haufungi mpaka uusukume kwa goti, nalo ni langu. Seremala wa kweli angecheka, na mimi ningecheka naye, kisha ningerudi bandani.

Mke wangu anaitwa Rehema. Ni Mpare wa Same, anauza vitenge sokoni. Tulikutana Tunduma, tukaoana Tunduma, na lugha ya nyumba yetu ni Kiswahili. Kibemba cha biashara anakijua kuliko mimi, kwa sababu wateja wake wengi wanatoka ng'ambo ya mpaka. Kinyiha hakukijua. Hakuwa na sababu ya kukijua, maana mume wake alikuwa anaongea naye Kiswahili kila siku.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, wakati mahindi yanatoa mbelewele na mvua bado inapiga karibu kila siku. Nilikuwa napiga randa ubao. Randa ikasimama katikati ya ubao. Nilidhani imekutana na fundo la mti, nikaisukuma, haikwenda. Nikautazama mkono wangu wa kulia na kuona vidole vimeshaiachia, vimelala juu ya ubao kama vya mtu mwingine. Kisha goti likajikunja. Nilianguka kwenye maranda, shavu chini, nikiinusa ile harufu tamu ya mbao mbichi, na sikuwa na maumivu yoyote. Hilo ndilo nataka ulijue. Hakuna kilichouma. Mdomo uliponing'inia upande mmoja sikuhisi chochote. Rehema ndiye aliyeuona. Akaita bajaji, wakanibeba yeye na jirani yetu, na hakungoja kuuliza mtu mwingine maoni. Ukimwona mtu wako mdomo umepinda ghafla au mkono umelegea, fanya kama alivyofanya Rehema. Usimpeleke kulala kwanza.

Hospitali ya Tunduma walinipima presha, wakatazamana, wakanipeleka Vwawa, na Vwawa wakanipeleka Mbeya. Safari hizo nazikumbuka kwa vipande. Nakumbuka dari ya gari la wagonjwa na msururu wa malori tuliokuwa tunaupita. Nakumbuka Rehema akinifuta mate kwa ncha ya kitenge chake, akikunja, akifuta tena.

Wodini nilijifunza mwili wangu upya, na sikuupenda. Mguu wa kulia ulikuwa mzito kama gunia lililoloa. Mkono ulikuwa na joto la kawaida lakini ukiugusa sikujua kama umeugusa. Uji uliingia upande mmoja wa mdomo na kutokea upande wa pili. Nilikuwa na mpira wa mkojo, na mwanamume aliyekuwa akiwapigia kelele madereva wa malori makubwa sasa alikuwa anageuzwa kitandani na mabinti wadogo wanaojifunza uuguzi. Walikuwa wapole. Upole wao nao ulinichoma.

Ila kubwa kuliko yote ni kwamba sikuwa na maneno. Nilijua nataka nini. Nilimtambua kila aliyekuja. Lakini nilipofungua mdomo ilitoka sauti tu, kama ya mtu anayeongea akiwa na kiazi cha moto mdomoni.

Mama yangu alikuja kutoka Mbozi. Alikaa kando ya kitanda, akaanza kuniongelesha Kinyiha, habari za ng'ombe, za majirani, za mvua iliyozidi. Alikuwa anaongea bila kutarajia jibu. Siku moja, akiwa katikati ya habari za ng'ombe, nilimwambia nina kiu. Maneno yalitoka yamekatika lakini yalitoka, na yalikuwa Kinyiha. Mama alishika uso wangu kwa mikono yote miwili akalia. Rehema, aliyekuwa amesimama upande wa pili na chupa ya chai, alimtazama mama, akanitazama mimi.

"Amesema nini?" akauliza.

Hilo ndilo lililokuwa swali la mke wangu kwa miezi mingi. Daktari alinieleza baadaye kwa nini lugha ya utotoni inaweza kurudi wakati nyingine haijarudi, na hayo nawaachia madaktari. Ninachojua mimi ni jinsi ilivyokuwa nyumbani. Kila siku Kinyiha changu kilinyooka kidogo. Kiswahili kilikuwa ndani, nilikisikia na kukielewa chote, lakini mlango wake ulikuwa umefungwa. Nikimtazama Rehema nikitaka kumwambia asante, ilitoka kwa Kinyiha, na mama ndiye aliyemtafsiria. Mama naye Kiswahili chake ni cha sokoni, kifupi. Nikisema sentensi ndefu, Rehema alipata maneno mawili.

Alijaribu kila njia. Siku moja alinisalimia kwa Kibemba, "Mulishani?", akiwa na matumaini kwamba labda lugha zinazofanana zitavutana. Nilicheka kwa nusu ya uso. Yeye pia alicheka, kisha akaingia jikoni na kukaa huko muda mrefu.

Mama alihamia kwetu. Alinilisha, aliniogesha, alijua nikihitaji choo kabla sijasema. Kila kitu kilipitia kwake. Kulikuwa na jambo moja ambalo hakulizoea, nalo ni mimi kula kwa mkono wa kushoto. Alinishikia kijiko ili nisile hivyo mbele ya wageni. Rehema alikiweka kijiko mkononi mwangu wa kushoto na kuondoka. Kwa hiyo kila chakula kilikuwa na vita ndogo isiyo na sauti, na uwanja wake ulikuwa mdomo wangu. Mama na mke wangu hawakugombana hata siku moja. Walisalimiana vizuri sana, na ndivyo nilivyojua kwamba hali ni mbaya.

Kila wiki Rehema alinipeleka Vwawa kwenye mazoezi ya viungo. Tulikaa kwenye foleni ya nje, na mara nyingi ilikuwa ndefu. Pale nilikutana na watu wangu: mwalimu aliyekuwa anasahau jina lake akichoka, mama wa Ndalambo aliyekuja na mume wake mgongoni mwa pikipiki, amemfunga kwa khanga ili asianguke. Mama huyo alikuwa na karanga za kukaanga kwenye mfuko, na alipita akimpa kila mtu kidogo mkononi, mkono ule unaofanya kazi. Hakuuliza ni upi. Aliangalia tu na kujua. Katika mwaka ule wote sikula chakula kitamu kuliko karanga zile.

Mtaalamu wa mazoezi alikuwa dada mmoja kijana, Anjela, mkali kuliko umri wake. Alinipa mpira wa kuminya. Niliuchukia mpira ule. Niliuminya kwa sababu Rehema alikuwa amefunga duka ili niuminye, lakini kila nilipouangalia niliona kitu cha kumchezesha mtoto.

Mvua zilipokuwa zinaishia, kaka yangu mkubwa Amoni alikuja na ndugu wawili wa ukoo wakafanya kikao sebuleni kwetu. Nawaombeni msimfikirie vibaya Amoni. Alikuwa ameuza mahindi yake mapema kwa ajili ya matibabu yangu, na hakuwahi kulitaja. Alikuwa ameshasafisha chumba kijijini, amekipaka chokaa. Alikuja kunichukua.

Kikao kilikuwa kwa Kinyiha. Mimi nilikuwa nimezama kwenye sofa letu la sebuleni, lile laini la kununuliwa dukani, ambalo nilikuwa siwezi kunyanyuka bila watu wawili kunishika makwapa. Rehema alikaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Walisema nitakwenda kijijini, mama ataniuguza huko, Rehema ataendelea na biashara yake na kuja kunitembelea. Walisema mazoezi ya Vwawa hayana faida, mkono ukishakufa umekufa. Ndugu mmoja akasema kuna watu kazini walikuwa wananionea wivu, na kijijini yuko mtu wa kulishughulikia hilo. Mama alisema kilichoniangusha ni lile banda, kwamba nilikuwa najichosha na mbao siku ambayo ningepaswa kupumzika. Amoni akakubali. Akasema vifaa vyangu vya useremala atapewa fundi mmoja anayejulikana kijijini, kwa sababu mimi sitavitumia tena.

Rehema alikuwa anatazama midomo yao. Nilimwona anahesabu ni mara ngapi jina lake limetajwa na kushindwa kujua limetajwa kwa lipi. Hakuuliza wamesema nini. Alikuwa ameacha kuuliza.

Ningeweza kuwajibu kwa Kinyiha. Nilikuwa nacho cha kutosha. Lakini niliona kwamba nikijibu kwa Kinyiha nitakuwa nimeshaondoka nyumba ile kabla hawajanibeba. Nikafungua mdomo bila kujua kutatoka nini, na neno lililotoka lilikuwa la kitu ambacho kwetu shambani hakikuwepo, kitu nilichokijua kwa Kiswahili tu maisha yangu yote.

"Randa," nikasema.

Rehema akainua kichwa.

"Randa yangu," nikasema. Jasho lilikuwa linanitoka. "Siendi."

Amoni aliniambia kwa Kinyiha, taratibu, kwamba nimechoka na sielewi. Nikasema tena, siendi, mara nyingi kadiri nilivyoweza, kila mara likitoka vibaya kidogo na mimi nikilirekebisha, mpaka Rehema akainuka pale mlangoni, akaja kukaa kwenye mkono wa sofa, ubavuni kwangu. Aliongea kwa heshima, macho chini. "Shemeji, amesema haendi. Mimi nimemsikia." Ilikuwa mara yake ya kwanza, tangu nianguke, kuwaambia wengine mimi nimesema nini.

Amoni aliondoka siku hiyo hiyo akiwa amekasirika. Mama alibaki.

Tangu siku ile Rehema alianza kunitoa nje na kunikalisha bandani. Alinyanyua kifaa kimoja kimoja na kuniuliza kinaitwaje. Msumeno. Patasi. Keekee. Msasa. Maneno hayo hayakuwa na mshindani kichwani mwangu, kwa hiyo yalitoka, na yalipotoka yalivuta mengine nyuma yake. Patasi ikaleta "nipe". Msumeno ukaleta "mkali" na "angalia". Kiswahili changu kilirudi kikinuka gundi.

Pale bandani ndipo nilipoamua kwamba nitatengeneza kiti. Nilichoka kunyanyuliwa. Huwezi kujua, kama hujawahi kuugua hivi, ni kitu gani kuketi ukisubiri watu wawili wapatikane ndipo uende chooni. Nilitaka kiti kirefu kidogo kuliko vya kawaida, kigumu, chenye mikono inayotokeza mbele ili nijisukume na kusimama mwenyewe. Nilimwambia dada Anjela. Nilitegemea akatae. Yeye akaniuliza randa ina uzito gani, akafikiri, akasema nifunge mkono wa kulia juu ya randa kwa kitambaa na nisukume kwa bega. "Mpira urudishe," akasema. "Nitampa mwingine."

Kupima urefu tulitumia tofali. Rehema alipanga tofali na ubao juu yake, nikakaa, nikajaribu kusimama, nikashindwa. Akaongeza. Tuliendelea hivyo mpaka mahali ambapo niliinuka bila kushikwa, miguu ikitetemeka, naye amenyoosha mikono pembeni bila kunigusa. Akachora mstari ukutani kwa mkaa.

Msumeno kwa mkono wa kushoto ulikuwa aibu. Ulitoka nje ya mstari kila mara, kana kwamba una nia yake. Mbao nilizibana kwenye jiliwa, na mahali ambapo jiliwa halikufika nilifunga kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, nikivuta kwa meno. Kazi ambayo zamani ingeisha asubuhi moja ilikula wiki. Na kulikuwa na kazi moja ambayo mkono mmoja hauiwezi kabisa: kuchimba matundu ya kuingizia ndimi, zile ncha za mbao zinazounganisha viungo. Patasi inashikwa na mkono mmoja, nyundo na mwingine. Rehema akaishika patasi. Vidole vyake vilikuwa vimeizunguka, na mimi nilikuwa na nyundo ya mti kwenye mkono ambao haujawahi kupiga kitu chochote sawasawa.

"Ukinigonga," akasema, "nakupeleka mwenyewe kwa mama yako kijijini."

Nilimgonga. Si sana, kwenye kifundo cha kidole. Alikung'uta mkono, akavuta pumzi, akairudisha patasi mahali pake. Nikapiga tena.

Kiti cha kwanza kilikamilika katika baridi ya Juni, wakati asubuhi Tunduma unaona pumzi yako. Nilikikalia. Kilinibeba kwa muda wa kutosha mimi kutabasamu, kisha ulimi wa mguu wa nyuma ukachomoka kwenye tundu lake, kwa sababu nilikuwa nimechimba tundu pana, na nikaenda chini nacho. Nilipasuka kidogo juu ya jicho. Mama alitoka jikoni akaniona nimelala chini kwenye maranda, mahali pale pale nilipoanguka mwanzo na kwa namna ile ile. Sikuweza kumlaumu kwa lililofuata. Aliponisafisha jeraha na kunilaza, alirudi bandani, akafunga mlango kwa kufuli kubwa la ghalani, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la khanga yake.

Niliomba kwa Kinyiha na kwa Kiswahili. Alisema hapana. Alisema yeye alinileta duniani mzima na hatakaa kutazama nikijimaliza kwa mbao. Rehema alikuwa safarini kufuata mzigo Mbeya, na nilijua akirudi itakuwa ugomvi wa wazi kati yao, ule ambao wote wawili walikuwa wameukwepa. Sikutaka mke wangu apigane kwa niaba yangu.

Kesho yake mama alikwenda sokoni. Mimi nilikuwa na bisibisi kwenye droo ya kabati la jikoni. Nilijivuta mpaka bandani, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa mbele ya mlango, na nikaliacha kufuli lilivyo. Nikaanza na bawaba. Mlango ule niliupachika mwenyewe, na skrubu zake nilizikaza kwa mkono wa kulia enzi za nguvu zake, kwa hiyo nilikuwa napambana na mimi mwenyewe. Bisibisi iliteleza. Ilichubua ukuta, ilichubua kidole. Skrubu ya kwanza ilipolegea niliihisi kwenye kiganja cha kushoto, ule mzunguko mdogo wa kukubali, na nilitoa sauti iliyowafanya mbuzi wa jirani wanigeukie. Jua lilipofika utosini bawaba zote na pete ya kufuli kwenye fremu zilikuwa zimefunguliwa, mlango umelala chini na kufuli bado limefungwa juu yake, na mimi nilikuwa ndani napiga randa.

Mama alirudi na kikapu cha mboga. Alisimama pale mlango ulipokuwa. Aliuangalia mlango chini, akaziangalia skrubu nilizozipanga kwenye kisoda, akauangalia mkono wangu wa kushoto. Nilingoja. Alitua kikapu, akakaa juu ya ndoo yangu.

"Kama huwezi kuacha," akasema kwa Kinyiha, "basi nitengenezee kigoda cha jikoni. Nimechoka kukaa kwenye ndoo."

Nilitengeneza kigoda kwanza. Kilikuwa kifupi, cha kazi kidogo, na matundu yake niliyachimba kwa kubana mpaka ndimi zikaingia kwa kugongwa. Mama alikikalia akichambua maharage na hakusema ni kizuri wala kibaya. Ila alipoenda kulala alikiingiza ndani.

Wakati wa kuvuna kahawa Amoni alikuja na gari la mtu, akashusha gunia la unga na mbao tatu ndefu za grivelia kutoka shambani kwetu, mti uliokuwa unatia kivuli kwenye kahawa. Hakutaja kikao. Aliziegemeza bandani. "Zilikuwa zinaliwa na mchwa tu," akasema. Hazikuwa na hata alama ya mchwa. Zilikuwa zimekaushwa vizuri, na mtu alikuwa amezipangusa. Alikunywa chai, akaniuliza kwa Kiswahili, mbele ya Rehema, kama mguu unaendelea vizuri. Nikamjibu kwa Kiswahili. Maneno mawili yaligoma njiani na wote wakayangoja.

Kiti cha pili kilitoka kwenye mbao zile. Kimeinama kidogo upande wa kushoto, na mkono mmoja ni mnene kuliko mwenzake kwa sababu nilikosea na sikuwa na ubao mwingine. Nimekipaka vanishi mara nyingi kuliko inavyohitajika. Vumbi la Septemba lilipokuwa linapeperuka barabarani na kuingia kila mahali, wazee wa kanisa walikuja kuniombea. Walizoea kunikuta nimezama kwenye sofa, wakiniinamia kama wanachungulia kisimani. Walipoingia niliweka kiganja cha kushoto na kiwiko cha kulia juu ya mikono ya kiti, nikasukuma, nikasimama. Mzee aliyetangulia alinipa mkono wa kulia. Nikampa wa kushoto. Nilijua kwetu hilo si adabu, na mama alikuwepo. Nilimshika mkono kwa nguvu, nikamwangalia machoni, nikamkaribisha aketi.

Mama hakuwahi kugusa tena kijiko changu. Alirudi Mbozi na kigoda chake kabla mvua hazijaanza. Asubuhi ya kuondoka alikaa jikoni na Rehema, mlango umefungwa, na nilisikia sauti zao kwa muda mrefu, Kiswahili cha sokoni cha mmoja na Kinyiha cha kubahatisha cha mwingine. Sikujua walisema nini. Hawakuniambia, na sikuuliza.

Sijapona kama watu wanavyopenda kusikia. Mguu unaburuza nikichoka. Nameza vidonge vya presha kila asubuhi na nitavimeza mpaka nife. Ofisini nimerudi nusu siku, na kuna wateja wanaomwongelesha kijana wangu wa kazi wakati mimi nimekaa mbele yao. Hao nawangoja wamalize, kisha nawajibu mimi. Ukikaa na mgonjwa wa kiharusi, nakuomba jambo hili tu: usijadili maisha yake mbele yake kana kwamba ametoka chumbani. Yumo. Anasikia yote. Na wewe mwenye kuugua, chagua kitu kimoja ambacho hutafanyiwa na mtu, hata kiwe kidogo, na usikiachie. Watakuambia unajiumiza. Pengine ni kweli. Jiumize.

Jumamosi iliyopita nilikuwa nje ya banda, mvua mpya imekatika, natengeneza kitanda cha Tumaini. Nilikuwa nakaza kiungo kwa msumari wa muda, na nikajaribu jambo ambalo nalijaribu kila wiki na kushindwa. Niliupandisha mkono wa kulia juu ya ubao, nikavisogeza vidole kwa vile vya kushoto, nikauweka msumari katikati ya gumba na kidole cha shahada. Ukasimama. Sikupumua. Nikachukua nyundo kwa kushoto, nikapiga, nikaukosa msumari, na nyundo ikatua juu ya ukucha wa gumba.

Nilipiga kelele. Rehema alitoka mbio jikoni, unga umemjaa mikononi, akaniona nimeinama juu ya ubao na damu inatoka chini ya ukucha. Alikimbilia ndani kuleta maji ya baridi. Aliporudi na bakuli nilikuwa bado nimeushika mkono ule kifuani, machozi yananitoka, nacheka. Alitaka kuuvuta autumbukize.

"Unauma?" akaniuliza. Kisha akaelewa alichokuwa ameuliza.

"Weka maji chini," nikamwambia. "Acha kwanza nisikie."